Kwa Maslahi ya Kazi

Barua ilikuja Alkhamisi, saa moja kabla ya kufunga,
wakati ambao barua mbaya huupenda.
Mistari mitatu na muhuri uliolowa bado:
Nasriya binti Humud, karani wa bohari, Idara ya Maji, Ruwi,
ahamishiwe Haima,
kwa maslahi ya kazi.

Miaka kumi na tisa nimehesabu mabomba, koki, mita,
naijua bohari ile kwa harufu ya mpira na kutu,
sikuwahi kukutana na maslahi ya kazi uso kwa uso.
Siku nane nyuma, lakini, nilikutana na hati:
mita tisini na tatu zimepokelewa, saini hapa.
Nilihesabu sitini na moja.
Nikahesabu tena, Bakhit mlinzi akinishikia tochi.
Sitini na moja.
Nikamrudishia Mkurugenzi kalamu yake, kifuniko hakijavuliwa.

Hapo ndipo Haima ilipoanza kunihitaji.

Mama, nyumbani Al-Khoud, alikuwa akichambua mchele.
"Uhamisho?" Akacheka mpaka sinia likatikisika.
"Wete tulihamishwa usiku, hapana barua, hapana muhuri,
hapana hata wa kutuandikia kwa maslahi ya nani.
Nilitoka na wewe tumboni na sufuria moja."
Kisha akanyamaza, akaokota kijiwe,
akakitupa dirishani kama aliyejua kimetoka wapi.
"Ile hatukuwa na pa kuipeleka.
Hii ina karatasi. Ipeleke."

Usiku nikayaweka maneno mawili mezani:
kuhama, kuhamishwa.
Herufi nne tu zimezidi,
na ndani ya herufi nne mtu amekaa, miguu juu ya meza,
anakunywa chai yangu.

Tukaanza na malalamiko kwa Wizara. Hayakujibiwa.
Kimya nacho kina tarehe zake; wakili alizihesabu kwa vidole.
Muadh, kijana wa Ibra, hajui Kiswahili
ila neno moja alilolichukua kwangu, *polepole*,
na hulitumia pasipofaa, makarani wa masijala wakacheka.

Amri hufuatwa huku inapingwa, basi nikenda.
Kilomita mia tano na kitu. Meza bila droo.
Watu wa kule walinipa maziwa ya ngamia
wala hawakuniuliza nimekosa nini.
Walidhani kila anayeletwa kwao amekosa.

Mara nne shauri liliahirishwa.
Ya tano, kiyoyozi cha mahakama kilikuwa kikali
kuliko wakili wa Serikali.
Yeye alisema mtumishi ni wa dola, si wa kiti.
Alisema vizuri. Hata mimi nilikaribia kuitikia.
Hakimu akanitazama juu ya miwani:
kwani Haima hakuna watu?

Wapo, mheshimiwa, na wanakunywa maji,
na mita thelathini na mbili zingewafaa.
Sina ugomvi na jangwa.
Nimeishitaki kalamu.

"Polepole," Muadh akaninong'oneza,
na safari hii neno likakaa mahali pake.

Hukumu ilikuwa kurasa sita.
Nililolitafuta lilikuwa ukurasa wa tano, chini kabisa,
kama mtu anayeona haya kusema:
amri imebatilishwa,
kwani sababu iliyoandikwa siyo sababu iliyokuwapo.

Nikarudi Ruwi. Juu ya meza yangu
walikuwa wameweka mashine ya kutolea nakala.
Habari za mita, hakuna aliyesema kitu.
Bakhit tu, mlangoni, aliniwashia tochi mchana kweupe.

Kwa mashine ile ile nikamtolea Mama nakala.
Hasomi Kiarabu cha mahakama.
Aliupapasa muhuri kwa kidole gumba,
akaikunja mara tatu, akaitia kwenye mkoba
wa pasi zilizokwisha muda wake, pamoja na picha ya baba.
"Ya kwanza hii," alisema, "iliyotwambia kaeni."

Kisha akauliza kama nimekula.