Na Wengineo

Kasha la albamu nimeliegemeza kwenye bakuli la chumvi,
kando ya ming'oko ya mia tano tano.
*Hashili Namkulala: Nyimbo Ishirini Teule.*
Picha ni ile ya ujana, suruali ya bugaluu,
na nyuma yake, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani:
gitaa fulani, ngoma fulani,
sauti, Hashili Namkulala na wengineo.

Wengineo ni mimi.
Somoe binti Nangomwa, wa hapahapa Chikongola,
niliyesimamishwa hatua tatu nyuma ya maikrofoni
kwa kuwa fundi alisema sauti yangu inatoboa mkanda.
Hatua tatu.
Nilizipima kwa kanga, likabaki pindo.

Tangu wiki jana mji umeshikwa.
Mnadani bei ya korosho ilitajwa, watu wakanuna,
karani wa ghala akaweka wimbo wa nne.
Hawakuacha kununa,
ila walinuna kwa kufuata mdundo.
Kijana wa Rahaleo anayejaza nyimbo kwenye flashi
anasema wazee wanalipa bila kuomba punguzo,
vijana wanamuuliza kama spidi imeharibika.
Mama Asumini, nesi mstaafu wa Ligula,
wimbo wa sita ndio alioolewa nao
na ndio uliokuwa ukilia redioni siku anafunga virago.
Kanunua nakala mbili.
Mwalimu wa madrasa kasema nyimbo hizi ni upuuzi,
halafu akasema ubeti wa tatu wameukosea.

Likaja gazeti kutoka Dar.
Mhakiki ameandika nusu ukurasa:
*katika viitikio Namkulala anajirudufu,
sauti yake ya pili ikipaa hadi kuwa kama ya mwanamke,
ufundi ambao haujapata kuonekana.*
Nikasoma. Mjukuu akanisomea tena, kwa sauti ya taarifa ya habari.
Kama ya mwanamke!
Nilikuwa na mimba ya miezi saba.

Sasa, wimbo wa tisa.
Pale mwisho gitaa lilinyamaza nikabaki peke yangu,
pumzi tano,
ya nne mtoto akapiga teke, nikakohoa.
Fundi akasema acheni hivyohivyo, mkanda ni ghali.
Miaka arobaini nimekohoa redioni, harusini, baa za Masasi,
na leo wamekata. Wanaita kusafisha.
Mji mzima hakuna aliyelalamika
isipokuwa Likwati, mpiga tumba, aliyenipigia usiku kutoka Newala:
"Somoe, kikohozi chako kiko wapi?"
Nikamwambia nenda kalale, mzee.
Mimi sikulala.

Hashili simlaumu. Sikio moja limeshakufa.
Jumamosi walimleta uzinduzini, Mashujaa,
koti jipya, fimbo, wajukuu wa watu wakimshika kwapa,
akaimba juu ya kanda yake mwenyewe, akichelewa nusu neno.
Kilipofika kiitikio aligeuka nyuma.
Nilimwona akihesabu kwa macho: moja, mbili, tatu.
Pale palikuwa na jenereta.
Mimi nilikuwa kushoto, nyuma ya wauza karanga,
beseni kichwani,
nikaitikia. Kidogo tu, kwa chini,
kama mtu anayeitika hodi ya nyumba ya jirani.
Sijui kama lile sikio zima lilikuwa upande wangu.

Leo asubuhi kaja mteja, dereva wa lori la saruji,
shingoni bado kavaa vumbi la safari.
Anataka ming'oko ya elfu.
Nikamwambia subiri, baba, chenji naitafuta.
Akaacha kumenya.
"Mama, sauti yako naijua. Tumeonana wapi?"
Redio ya jirani ilikuwa wimbo wa kumi na moja,
nimo humo ndani, hatua tatu nyuma.
Nikamsogezea bakuli.
Nikamwambia, chovya na pilipili,
bila pilipili hutaisikia ladha.