Nyuzi Nne na Ushei

Kabla ya utomvu, maji.
Kila alfajiri ya Machi baba alichemsha kwanza maji matupu,
sufuria ndogo, pembeni mwa jiko kubwa,
akatumbukiza kipimajoto, akanyamaza.
"Usiiamini mia," alisema. "Mia ni ya vitabuni.
Hapa Beauce maji huchemka kadiri hewa inavyoyakandamiza,
na hewa ya leo siyo ya jana."

Leo nimeyachemsha mwenyewe.
Tisini na tisa, nukta nne. Theluji iko njiani.
Nimeandika kwa chaki mlangoni, chini ya mwandiko wake
wa mwaka jana, ambao sijaufuta,
kisha nikajumlisha nyuzi nne na ushei:
mia na tatu na nusu.
Hapo ndipo shira inapokuwa shira.
Kabla ya hapo ni maji yenye ndoto.
Ukipitiliza ni peremende, kisha moshi, kisha hasara.

Ndoo arobaini kwa ndoo moja.
Umewahi kuyaonja maji ya mti?
Ni kama mtu ametaja sukari
katika chumba cha pili, na mlango umefungwa.
Usiku ndoo hufunga barafu. Baba aliivunja, akaitupa,
na mgeni mmoja kutoka mjini akapiga kelele: unamwaga mali!
"Namwaga maji," baba akamjibu.
"Utamu umekimbilia chini. Baridi imenifanyia kazi
na haikudai ujira."

Maji yakitaka kuganda hutaka kujipanga safu;
sukari imesimama katikati ya safu.
Maji yakitaka kuruka yawe mvuke
hukuta sukari imeketi kizingitini.
Basi hayagandi upesi, wala hayachemki upesi.
Huvumilia pande zote mbili.

Saa kumi usiku Réjean anasimamisha lori lake la chumvi,
anaingia kunywa kahawa, viatu vyeupe hadi kwenye kamba.
Kaka yangu huwadharau wapika sukari.
"Punje yenu ikizama inabaki moja," anasema.
"Yangu inapasuka mbili. Ile ya kalisi, tatu,
hiyo tunaimwaga chumvi ikishindwa,
baridi ikipita hasi tisa na barabara ikawa kioo."
Walibishana hivyo, yeye na baba, miaka kumi na minane,
na kila mara baba alimaliza kwa neno lilelile:
"Maji hayaulizi jina.
Maji huuliza, mko wangapi?"

Nilidhani ni kemia tu.

Januari, hasi thelathini na moja, tulimzika
(tulimhifadhi, niseme kweli; ardhi ilikataa jembe hadi Mei).
Wakaja. Mgawa barua. Fundi wa matrekta.
Bi Thivierge, waliyenuniana naye kwa sababu ya mpaka
tangu sijazaliwa. Vijana wawili wa kiwandani
ambao hata leo sijui walimfahamu wapi.
Makoti yalilundikana kitandani hadi kitanda kikapotea.
Nusu yao sikuwajua, na sikuuliza.
Walisimama katikati ya safu, kila mmoja na kikombe chake,
na ile nyumba, ambayo ilikuwa na kila haki ya kuganda,
haikuganda.

Sasa povu linapanda.
Juu ya sufuria kipande cha mafuta ya nguruwe
kinaning'inia kwa uzi, kama alivyokifunga yeye;
povu likikigusa linanywea, linarudi chini na aibu.
Mia na moja. Mia na mbili.
Mwanzoni uzi mmoja ulikula saa nzima.
Mwishoni maji yamebaki machache
na kila tone linaloondoka linaonekana kuondoka.
Natoa jicho kwenye moto, nalirudisha kwenye namba.

Réjean amevaa glavu, hajaondoka.
"Bado?"
"Bado nusu uzi," namwambia,
nami nashika bomba.