Njiti na Asali

Kabla ya kuniuliza umri, sista aliniuliza tumbo.
Nikamwambia: limezaa sita, limezika wawili,
na tangu hedhi ikatike
sijalisikia likisema neno.
"Ndiyo maana tunataka kulisikiliza," akasema,
akanifunga mpira juu ya kiwiko.

Mimi ni Nyanzala binti Sizya, wa Isevya, Tabora,
muuza asali ya Sikonge miaka thelathini na miwili.
Kupima nakujua.
Mteja akitilia shaka, nachovya njiti ya kiberiti,
naipangusa, naikwangua ubavuni;
ikiwaka, analipa.
Lakini nisikudanganye, wewe usomaye:
zipo njiti zinazogoma kwenye asali safi
kwa kuwa zimelala na umande,
na ipo asali ya sukari guru
iliyowaka mbele yangu kama petroli.

Damu ikapanda kichupani,
nikamkumbuka Kalunde.
Dada yangu alikuwa akishiba kwa matonge mawili.
Tukasema gesi. Tukasema mchango.
Jirani akasema, bibi amenenepa, biashara imekubali!
Gauni lake tukalifumua mshono, tukalipanua,
tukalifumua tena,
mimi mwenyewe nikishika mkasi.
Mkasi ninao bado. Haukati vizuri.

Damu yangu ilisafiri hadi Mwanza kwenye kiboksi cha barafu;
mimi Mwanza sijafika.
Ikarudi karatasi: arobaini na moja.

Arobaini na moja ya nini?
Kilo? Madebe? Siku?

Daktari Mabula akavua miwani.
"Mama, mstari tumeuchora kwenye thelathini na tano.
Umeuvuka kidogo.
Wengine huuvuka kwa uvimbe usio na kinyongo,
wengine kwa ini, au moyo uliochoka.
Na wapo wagonjwa wasiouvuka kabisa.
Namba moja ni unyayo mmoja:
huwezi kujua mnyama anaelekea wapi.
Rudi baada ya miezi mitatu, tuone wa pili."

Akanipaka mafuta ya baridi, akapitisha kifaa chake.
Kwenye kioo, mvua ya kijivu.
"Ovari zimenywea," akasema, "kama furu zilizoanikwa.
Hii ya kushoto nitaitazama tena."
Hii ya kushoto.
Nikashuka kitandani nikiegemea kulia,
kama mtu aliyebeba yai.

Miezi mitatu.
Nilikuwa nikifunga khanga usiku
na kuangalia ncha zinakutana wapi.
Nilikula matonge mawili, nikajilazimisha la tatu,
nikajilazimisha la nne,
mkwe wangu akacheka: mama leo ana njaa!

Shoga yangu mmoja alinishauri nisirudi.
Asiyejua halali vizuri zaidi? aliniuliza.
Sikumjibu. Kalunde alilala vizuri sana
mwaka mzima.

Leo nimekuja na Mwashi, binti yake.
Njiani nimemtajia ugonjwa kwa jina lake lote,
saratani ya ovari,
si "mambo ya tumbo", si "yale ya mama yako".
Kondakta akageuka. Na ageuke.

Sasa Mwashi yuko kwenye benchi la nje,
amepakata kidumu cha asali nilichomletea sista,
anachovya kidole akidhani simwoni.

"Kunja ngumi," anasema sista.
Nakunja.