Kitufe chenye Stika

Mimi nahesabu tano. Taisto anasema nne,
maana ile ya chini ya ngazi haina kifuniko
na asiye na shati, kwake, hahesabiwi mezani.

Nje, Oulu imeganda. Hata mlango unalalamika.
Ndani, anagusa kwanza bomba la kupashia joto,
aache hapo umeme wa soksi zake za sufu,
ndipo ashike bisibisi.

Kadi mpya humwingia mkubwa;
ya mkubwa humshukia wa kati, ya wa kati mdogo,
kama makoti ya watoto wetu yalivyoshuka
mpaka viwiko vikatoboka.
Krimu ya prosesa: punje moja ya mchele.
“Si mbili, Irmeli.”
Skrubu zinalala kwenye kopo la kahawa,
na moja, siku zote, hukosa tundu.

Ile kongwe amekwisha ibadili feni, bodi, diski,
kumbukumbu mara tatu.
Kilichosalia ni kasha, na kitufe cha kuwashia
chenye stika ya stroberi aliyoibandika Venla
kabla hajajua kuandika jina lake.

Jana nikamwambia: kasha jipya ni bei rahisi.
Akanyamaza.
Akainama, akakipuliza kitufe vumbi
polepole,
kama anayepoza uji wa mtoto.