Fundo Juu ya Mlango wa Zizi

Burulai aliung'oa mlango wa zizi la marehemu baba yake,
akautoboa mara tatu kwa keekee:
hapa Kara-Bulun, hapa Ak-Jar,
na kule juu, karibu na bawaba, Tash-Koro.

Nyuzi tatu, fundo moja.
Chini ya kila tundu akaning'iniza nati za trekta lililokufa,
nati moja kwa kila nyumba:
arobaini na moja, ishirini, tisa.
"Gari la wagonjwa litalala," akasema, "fundo litakapolala."

Wanaume walisimama thelujini, mikono mifukoni.
Akaachia.
Fundo likasitasita kama mgeni kizingitini,
kisha likateleza hadi tundu la Kara-Bulun, likakwama.

Wakalisukuma. Likarudi.
Nurdöölöt akalivuta hadi pembeni kabisa, akacheka, akaachia;
likarudi.
"Ni bakuli," Burulai akawaeleza. "Halina kitako cha uongo.
Dondosha punje ya shayiri upande wowote,
itateremka pale pale.
Jumlisha safari za nyumba zote: hakuna pungufu kuliko hapa."

Wengi wape. Ndivyo nyuzi zilivyosema.

Bibi Sairakan wa Tash-Koro hakubishana na nati.
Aliweka kidole kwenye tundu la juu, akakiburuta polepole
kulifuata fundo.
"Binti yangu alifika hapa," akasema,
kidole kimesimama robo tatu ya njia.
"Na mimba yake ilifika naye. Dereva peke yake ndiye aliyefika mwisho."

Usiku Burulai akashika bikari,
akatafuta duara dogo kuliko yote
linaloyafunika matundu matatu.
Kitovu chake kikaangukia konde la nyasi,
hakuna nyumba, hakuna nguzo ya umeme,
ila aliye mbali zaidi, hapo,
alikuwa karibu kuliko ambavyo angekuwa popote pengine.

Nukta mbili, basi. Ya jumla, na ya aliye mbali.
Akaziunga kwa rula ya shule.
Mstari haukutoka nje ya pembetatu, kama alivyojua hautatoka,
na kila nukta juu yake ilikuwa mapatano:
kiasi fulani cha hii, kilichobaki cha ile.
Kiasi gani?
Hapo hesabu iliweka kalamu chini.

Asubuhi aliuegemeza mlango nje ya shule,
chaki ikining'inia kwa uzi.
Kufikia adhuhuri mstari ulikuwa na alama kumi na saba.
Hakuna mbili zilizogusana.