Kunguru wa Kiboriloni

Mimi ni fundi vitanda, Pasua, nyuma ya mashine ya kukoboa.
Hapsikodi sikuwahi kuisikia hata jina
hadi mwalimu Aikaruwa aliponiletea moja kwa mkokoteni,
imefunikwa blanketi kama mgonjwa,
akasema: fundi, mbao ipo, nyuzi zipo, meno yapo,
ila haina kucha.

Nikafunua. Ndani vijiti vyembamba vimesimama gwaride,
na kila kijiti kinataka ukucha wa unyoya
wa kudonoa uzi, kisha kurudi kulala kimya.
Unyoya wa kuku ni mlegevu. Wa bata, uzi unalia bata.
Basi alfajiri, Kiboriloni,
kabla wa mitumba hawajakata kamba za marobota,
mtu mzima nainama jalalani
naokota alichodondosha kunguru.
Wakaniita mganga. Sikubisha. Mganga hulipwa.

Nilichonga kwa wembe, usiku,
kwa miwani ya marehemu mke wangu.
Hamsini na nne. Nilizihesabu kama deni.

Leo tuko ukumbi wa ushirika, bado unanuka magunia ya kahawa.
Mgeni rasmi kachelewa; wameanza bila yeye.
Watoto mashati meupe, mengine yameonja jiki jana tu.
Ndeshimuni anaketi, miaka kumi na sita,
utomvu wa ndizi haujamtoka vidoleni.

Konseto ni ya mtu aliyekufa zamani, wa nchi ya baridi.
Re ndogo, alisema mwalimu.
Mimi nasikia tu kwamba kuna haraka
na ndani ya haraka kuna mtu anafikiri.

Kinanda hiki, ukibonyeze kwa hasira,
ukibonyeze kwa huruma,
sauti ni ileile.
Hakijui kupaza, hakijui kunong'ona.
Kwa hiyo Ndeshi akiwa na neno zito
hulichelewesha,
kidogo tu,
kama mama anayeshikilia kikombe kabla ya kuwajibu washenga.

Sehemu ya pili, ile ya taratibu,
nikasikia: tk.

Kijiti kimepanda, kimeshuka, uzi haukuguswa.
La ya katikati.
Unyoya ule naujua. Ulikuwa na ufa, nikasema utavumilia.
Nikatazama viatu vyangu.
Muziki wenyewe unapita kwenye hiyo la
kama sisi tunavyopita darajani, kwenda na kurudi,
njia nyingine hakuna.
Tk. Tena tk. Pengo kwenye tabasamu.
Ndeshi hakuacha. Shingo tu ilikaza.

Ndipo safu ya nyuma, Mkunde Lyatuu wa viola,
aliyelalamika wiki sita kwamba sehemu yake ni ugali mkavu,
akalaza upinde mapajani,
akadonoa kwa kidole:
la.

Hakuandikiwa hiyo. Macho kwenye mikono ya Ndeshi,
kama msichana anayengoja kamba izunguke ndipo aingie kuruka.
Ya kwanza aliwahi. Ya pili alichelewa.
Ya tatu ikakaa.
Mkono wa mwalimu uliganda hewani,
kisha ukaendelea, kana kwamba ndivyo ilivyoandikwa.
Kwa Kiswahili la ni kukataa.
Ile ilikuwa ndiyo.

Makofi. Mama mmoja akamuuliza jirani yake
imekwisha, au wanapumzika?

Nilimngoja Mkunde mlangoni nimwambie kitu,
nikajikuta nasema: kesho ilete hiyo viola,
kigingi chako kinateleza.
Ndeshi akaja nyuma yake,
kijiti kibovu kakifunga kwenye leso kama jino la mtoto.
Akaniwekea kiganjani.
Nikaanza kuomba radhi, habari za ufa, habari za unyoya,
akanikatiza.
Fundi, akasema, hiki
usikiharakishe.