Namba ya Kazi

Baba alikuwa na namba: 20714.
Kwa namba hiyo tulipewa unga, gunia kila mwezi,
samaki wa chumvi, daftari, sindano ya surua.
King'ora kikilia, Katuba nzima ilikanyaga baiskeli.

Kisha ikaja karatasi ya kuondoka kwa hiari.
Hiari gani, aliuliza mama,
miezi thelathini bila mshahara?
Baba akatia sahihi. Bahasha ikawa friji,
friji ikawa biashara ya maji baridi,
umeme ukakatika, biashara ikawa kabati la viatu.

Sasa mgodi una ukuta, na ukuta una mwenyewe.
Kaka yangu Kabange huuruka usiku na koleo;
asubuhi anauza mfuko kwenye depo,
na mizani ya depo haijawahi kusema kweli.

Zamani walituambia: shaba ni yetu sote.
Sikuona hata kijiko chake nyumbani.

King'ora kilinyamaza. Lakini saa kumi na moja alfajiri
baba huamka, huvaa kofia ya kazi,
huketi kitandani akingoja.
Mama hamkatazi. Humtengea bukari ya jana,
humwita kwa namba,
naye huitika.